Sauti ya Kwanza: Tumkumbuke Anayepokea Simu ya Dharura

(Mawaidha kwa vijana na familia kabla ya futari, Komarock)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Mada yetu leo ni kusaidiana wakati wa dhiki. Tukisikia maneno hayo, akili huenda haraka kwa daktari, kwa zimamoto, au kwa kijana aliyeruka ukuta akamtoa mtoto kwenye moto. Wote hao wana haki ya kusifiwa. Lakini mimi nataka tumzungumzie mtu ambaye hatumuoni wala jina lake hatulijui. Ni yule anayeinua simu unapopiga 999 ya polisi, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Kabla gari halijatoka, kabla daktari hajaamshwa, sauti yake ndiyo msaada wa kwanza unaoupata.

Nyote mnaijua aya ya 32 ya Suratul Maida, inayotufunza uzito wa kuokoa nafsi moja mbele ya Mwenyezi Mungu. Basi nakuuliza wewe msomaji: mtu huyu, ambaye kila siku yumo katika kuokoa nafsi, sisi tunamsaidiaje?

Kazi yake ni ipi?

Namba 999 ilianza London tarehe 30 Juni 1937. Sababu yake ilikuwa moto wa Wimpole Street, mwezi wa Novemba 1935, uliowaua wanawake watano. Jirani alipiga simu kuita zimamoto, simu yake ikakaa kwenye foleni pamoja na simu za mazungumzo ya kawaida. Watu wakaona hapana, simu ya roho lazima iwe na njia yake. Hapa Kenya namba hiyo ilikaa miaka mingi bila kufanya kazi sawasawa, hadi ikafufuliwa mwaka 2013.

Lakini namba peke yake haiokoi mtu. Kuna wanaodhani kazi hii ni kusema "haloo" na kuandika kwenye daftari. La hasha! Miaka ya 1970, daktari mmoja wa Salt Lake City huko Marekani, Jeff Clawson, alitayarisha maswali na maelekezo ya kumwongoza anayepokea simu. Ulipo ni wapi? Mgonjwa ameamka? Anapumua? Kila jibu linafungua hatua ya kufuata. Kama moyo wa mtu mzima umesimama, mpokea simu aliyefunzwa atakuambia umlaze chali juu ya sakafu, uweke mikono katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, kifua kizame kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Atahesabu pamoja nawe mpaka ambulensi ifike. Hapo mikono ni yako, lakini elimu ni yake.

Jamani, mambo hayo hayaji kwa kuzaliwa nayo. Yanataka mafunzo, na mafunzo yenyewe yanataka kurudiwa, kama vile hafidhi anavyorudia juzuu zake zisimtoroke.

Mzigo usioonekana

Sasa tuangalie upande wa pili. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, mtaa wa Mradi, si mbali na hapa kwetu. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilikuwa miongoni mwa zilizopokea majeruhi. Kabla ya hapo, tarehe 12 Septemba 2011, tuliona moto wa bomba la mafuta Sinai. Na wazazi wetu hawajaisahau tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katikati ya mji na kuua zaidi ya watu 200.

Katika siku kama hizo, hebu jiweke katika kiti cha mpokea simu. Huyu analia, yule anatukana, mwingine amenyamaza na unasikia pumzi tu. Hauoni chochote, unasikia. Huwezi kukimbia uende ukasaidie. Simu ikikatika, hujui kama mtoto yule alipona au alifariki. Na kabla hujameza mate, simu nyingine inalia, nawe unatakiwa uwe na sauti ile ile ya utulivu.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Illinois, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wapokea simu za dharura. Walionyesha kwamba watu hawa hupata dalili za kiwewe, ijapokuwa hawakufika kwenye tukio. Yaani sikio nalo huumia. Mtu akirudi nyumbani hali chakula, halali, anawakaripia watoto bila sababu, sisi haraka tunasema "ana kiburi huyo", au "imani yake imepungua". Taratibu, ndugu zangu! Huenda amebeba vilio vya watu kumi kichwani mwake.

Haki zake

Mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kwa ibada hadi akaisahau nafsi yake na mkewe. Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe ina mpaka ili nafsi ipumzike, je, zamu ya usiku isiyo na mapumziko?

Kwa hiyo wenye vituo hivi, wawe wa serikali, wa mashirika au wa kampuni binafsi, wana wajibu. Mtu aliyetoka kupokea simu ya kifo apewe dakika za kupumua kabla ya kupewa nyingine. Awepo mshauri wa kuzungumza naye, na aende kwake bila kuogopa kuitwa dhaifu. Zamu zigeuzwe kwa uadilifu. Ikiwezekana aambiwe mwisho wa kisa: yule mama amejifungua salama, yule mzee amepona. Habari moja ya namna hiyo humtia mtu nguvu ya mwezi mzima. Na katika Ramadhani, aliyefunga akiwa zamuni asiachwe adhana ya Magharibi ikampita hana hata tende na maji mezani. Mwenzake asiyefunga amshikie simu kidogo, naye atamlipa siku ya sikukuu yake. Huo ndio ujirani.

Tukumbuke pia kuwa Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Lakini ambulensi zetu ni za kaunti, za mashirika na za kampuni binafsi, na kila moja ina namba yake. Haki iliyo kwenye karatasi inamfikia mgonjwa wa Kayole au Dandora pale tu simu yake inapopokelewa na mtu aliyefunzwa, mwenye gari la kulituma. Vijana mnaosoma sheria na uongozi, hilo ni lenu kulifuatilia.

Na sisi je?

Tusikae kuwanyooshea wengine kidole. Yapo manne ya kuanza nayo leo.

La kwanza, tuache simu za mzaha. Kuna watoto wanapiga 999 wakicheka, na kuna wakubwa pia, astaghfirullah. Mzaha huo ni uongo, na unaziba njia ya mtu anayekata roho. Mzazi, mfunze mwanao. Kufunga si tumbo peke yake, ulimi nao unafunga.

La pili, jua unapoishi. Mitaa yetu mingi haina namba zinazojulikana. Ukisema "niko Komarock" umesema mji mzima. Sema Phase ya ngapi, umeingilia Spine Road au Kangundo Road, geti lina rangi gani, msikiti au shule gani iko karibu. Kisha mtume kijana asimame barabarani aipungie mkono ambulensi. Yaandikeni haya kwenye karatasi, mbandike ukutani, ili hata dada wa kazi na mtoto wa miaka minane waweze kuyasoma.

La tatu, jibu unachoulizwa na usikate simu. Mpokea simu akikuuliza maswali hakucheleweshi. Mara nyingi mwenzake ameshaanza kutafuta gari wakati wewe unajibu. Matusi yako hayaongezi mwendo wa gari, yanamtikisa tu yule unayemtegemea.

La nne, tujifunze huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanafundisha. Tuliweza kuchangisha mchele na tende za futari, tunaweza kuchangisha ada ya vijana kumi. Wanavyuoni wamesema aliyefunga akilazimika kufungua ili amwokoe anayezama au anayeungua, na afungue, atailipa siku hiyo baadaye. Tazama dini yetu ilivyoipa uzito roho ya binadamu! Basi saa chache za mafunzo zitushinde kwa nini?

Mwisho, kama nyumbani kwako au jirani yako yuko anayefanya kazi hii, usiku wa leo mpelekee sahani ya futari. Usimlazimishe asimulie aliyoyasikia. Muulize tu, "Umeshindaje leo?" kisha umsikilize. Yeye husikiliza watu kutwa nzima, naye apate wa kumsikiliza.

Ewe Mola wetu, wape afya na subira wote wanaokesha kwa ajili ya waja wako, warehemu waliotangulia katika majanga yetu, na utujaalie tuwe wepesi wa kusaidia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.