Mkoba wa Kazi katika Aljebra: Tuweke Nini Ndani, Tusahihishe Vipi

Mada kwa semina ya walimu wa Hisabati wa shule za sekondari

1. Utangulizi



Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne huchukua saa tatu. Ndani ya saa hizo kijana hutakiwa kuonyesha alichojifunza kwa miaka minne. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikosoa mazoea ya kumpima kijana kwa mtihani wa kuandika peke yake, na tangu mwaka 1976 upimaji endelevu ukaanza kuhesabiwa katika shule zetu. Nafasi hiyo tuliyopewa tumeijaza, kwa sehemu kubwa, kwa mitihani mingine: jaribio la mwezi, mtihani wa nusu muhula, mtihani wa kufunga muhula. Idadi ya mitihani imeongezeka, lakini aina ya upimaji ni ileile.

Mada hii inatetea mkoba wa kazi katika ufundishaji wa aljebra, kwa sharti moja: walimu wakubaliane kuhusu usahihishaji kabla ya kuwaambia wanafunzi wafungue majalada. Bila makubaliano hayo, mkoba huwa mzigo kwa mwalimu na dhuluma kwa mwanafunzi.

2. Mkoba wa kazi ni nini

Mkoba wa kazi ni mkusanyiko wa kazi chache zilizochaguliwa ili kuonyesha namna mwanafunzi anavyofikiri na alivyoendelea. Daftari la mazoezi lina kila kitu. Mkoba una kazi tatu au nne tu za muhula, na kila moja imeambatanishwa na maelezo mafupi: kwa nini nimeichagua, nilikwama wapi, nilitokaje. Vifaa vyake ni jalada la manila, karatasi na uzi.

Aljebra inauhitaji kuliko mada nyingine nyingi. Mwanafunzi anaweza kukariri kanuni ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, akapata jibu sahihi, na bado asijue jibu hilo linasema nini. Mtihani hautaligundua hilo, ila maelezo yake mwenyewe yatalifichua mara moja.

3. Kazi zinazofaa kuwekwa

Ubora wa mkoba hutegemea maswali tunayouliza. Swali la "rahisisha" au "tafuta x" halina cha kueleza. Ninapendekeza aina tatu za kazi.

(a) Swali linalotatulika kwa njia zaidi ya moja. Tuseme dereva wa kwanza wa bodaboda anatoza shilingi 1,000 za kuanzia na shilingi 500 kwa kila kilomita. Wa pili anatoza shilingi 2,000 za kuanzia na shilingi 300 kwa kilomita. Abiria apande ipi? Mwanafunzi atengeneze jedwali, achore grafu, aandike mlinganyo 1,000 + 500x = 2,000 + 300x, kisha aonyeshe kuwa njia zote tatu zinakutana kilomita 5, nauli ikiwa shilingi 3,500. Amalizie kwa ushauri: safari ikiwa fupi kuliko hapo, panda ya kwanza; ikizidi, panda ya pili. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayotuonyesha kama ameielewa grafu aliyoichora.

(b) Kosa lililosahihishwa na kuelezwa. Sote tumeliona kosa la kuandika (x + 3)² = x² + 9. Tukipiga mkasi mwekundu na kuandika jibu sahihi pembeni, litarudi wiki ijayo. Mwanafunzi aliwekee kosa hilo ukurasa wake. Ajaribu x = 1: upande wa kushoto atapata 16, wa kulia 10. Kisha achore mraba wenye upande x + 3 na kuugawa katika vipande vinne: x², 3x, 3x na 9. Hapo ataona kwa macho 6x aliyoiacha.

(c) Uchunguzi mdogo. Una waya wa mita 40 na unataka kujenga banda la kuku la mstatili, upande mmoja ukiwa ukuta wa nyumba. Vipimo gani vitatoa eneo kubwa zaidi? Mwanafunzi ataanza kwa kubahatisha, atajaza jedwali, atafika kwenye x(40 − 2x), x ikiwa urefu wa upande unaotoka ukutani, na grafu itamwonyesha kilele kwenye x = 10, eneo mita za mraba 200. Karatasi za kubahatisha zibaki mkobani. Zina habari nyingi kuliko nakala safi.

4. Funzo kutoka Vermont

Jimbo la Vermont, Marekani, lilianza mwaka wa masomo 1991/92 kutumia mikoba ya Hisabati na ya uandishi katika upimaji wa jimbo zima, kwa darasa la nne na la nane. Kila mwanafunzi wa Hisabati alichagua kazi zake bora, nazo zikapimwa kwa vigezo saba. Vinne vilihusu utatuzi: kulielewa swali, njia iliyotumika, sababu za uamuzi uliofanywa, na matokeo yaliyopatikana. Vitatu vilihusu mawasiliano: lugha ya kihisabati, michoro na vielelezo, na uwazi wa maelezo.

Watafiti wa taasisi ya RAND, wakiongozwa na Daniel Koretz, walifuatilia mpango huo. Walikuta mambo mawili ambayo hatuna budi kuyashika pamoja. La kwanza ni la kutia moyo: walimu walibadili ufundishaji wao, wakatoa muda zaidi kwa utatuzi wa maswali na kwa wanafunzi kueleza fikra zao. La pili ni onyo: katika mwaka wa kwanza wasahihishaji wawili waliosoma kazi ileile walitofautiana mno, kiasi kwamba alama hazikuweza kutegemewa kulinganisha shule na shule. Upande wa Hisabati hali ilikuwa nzuri zaidi mwaka uliofuata, lakini tatizo halikwisha.

Chanzo hakikuwa uzembe wa walimu. Vigezo vilikuwa vipya, mafunzo hayakutosha, na kila mwalimu alitoa maswali yake, hivyo wasahihishaji walilinganisha vitu visivyolingana. Sisi tukianza kwa haraka tutaangukia shimo hilohilo.

5. Suala la lugha

Kwetu kuna jambo ambalo Vermont haikukabiliana nalo kwa kiwango hiki. Wengi wa wanafunzi wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanakutana na aljebra kwa Kiingereza. Mkoba unamtaka mwanafunzi aeleze. Tukimlazimisha kueleza kwa Kiingereza pekee tangu kidato cha kwanza, tutapata sentensi zilizonakiliwa ubaoni, na alama tutakazotoa zitakuwa za Kiingereza.

Maelezo ya awali yaruhusiwe kwa Kiswahili, hasa katika kidato cha kwanza na cha pili. Nakala ya mwisho iandikwe kwa lugha ya mtihani, mwalimu akisaidia istilahi.

6. Muda, wingi na udanganyifu

Tusijidanganye kuhusu hesabu. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 akidai kazi tano kwa muhula atasoma kazi 400. Kwa dakika nne kila moja, hiyo ni zaidi ya saa 26. Akidai tatu, kazi ni 240 na saa ni 16. Ndiyo maana ninasisitiza uchache. Zaidi ya hayo, kazi za mkobani zichukue nafasi ya baadhi ya majaribio. Zikirundikwa juu yake, hakuna atakayezisoma.

Kuhusu kudesa na kuandikiwa na kaka au mwalimu wa tuisheni, dawa ni mahojiano ya dakika mbili. Mwalimu anafungua mkoba na kuuliza: hapa ulihamisha 300x kwa nini? Aliyeifanya kazi atajibu. Si lazima kuwahoji wote. Inatosha kila mwanafunzi ajue kuwa anaweza kuitwa.

7. Mapendekezo

i. Tuanze na darasa moja na mada moja, kwa mfano milinganyo katika kidato cha kwanza au cha pili, kwa muhula mmoja.

ii. Walimu wa Hisabati wa shule jirani watunge maswali ya pamoja, ili kazi zinazosahihishwa zilingane.

iii. Vigezo visizidi vinne: kulielewa swali, usahihi wa hatua, sababu zilizotolewa, na uwazi wa maelezo. Kila kigezo kiwe na mifano halisi ya kazi ya alama ya juu, ya kati na ya chini.

iv. Kabla ya alama kurekodiwa, walimu wawili wasahihishe mikoba kumi ileile bila kuonana. Wakitofautiana, wajadiliane na kurekebisha vigezo hadi wakubaliane.

v. Katika muhula wa kwanza, alama za mkoba zitumike kumsaidia mwanafunzi tu. Ziingie katika rekodi za upimaji endelevu baada ya usahihishaji wetu kuthibitika.

8. Hitimisho

Mtihani wa mwisho utabaki, na vijana wetu lazima waandaliwe kuukabili. Mkoba unawaandaa kwa kuwafanya waelewe kile wanachokiandika, nao unatuonyesha mapema nani amekwama na amekwama wapi. Ninaiomba semina hii isiondoke na azimio la jumla la kuunga mkono. Tuchague maswali matatu hapa hapa, tupange jozi za shule, na tuweke tarehe ya kusahihisha pamoja.