Mafundisho ya Mwili na Heshima kwa Vijana Wetu
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya jambo ambalo aghalabu hatulitaji mkutanoni, nalo ni kuwafundisha vijana, hasa wasichana, habari za miili yao. Nawaomba radhi Wazee endapo nitatamka neno lisilozoeleka barazani. Lakini wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Elimu hii si ngeni kwetu. Hapo zamani wasichana wa Kiluo walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na huko walifundishwa habari za kukua, za wanaume na za ndoa. Huko Pwani msichana alikuwa na somo wake. Siku hizi watoto hulala bwenini, au katika chumba kimoja cha mjini pamoja na wazazi, na bibi yuko mbali. Mwalimu hudhani mzazi amekwisha sema. Mzazi hudhani mwalimu amekwisha sema. Na mwenye maneno matamu njiani ndiye asemaye.

Hasara yake yaonekana katika hesabu. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamepata kushika mimba. Samburu walikuwa 50, Nyeri 5. Tofauti hii yatuonyesha kwamba jambo hili laweza kubadilika.

Tena, vijana wenyewe wameanza kusema. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ili msichana aliye katika hatari ya kukeketwa apate kuomba msaada, kutoa habari kwa wenye mamlaka, na kujifunza. Kabila lao halina desturi hiyo, bali walihuzunishwa na habari ya rafiki yao ambaye baada ya kukeketwa hakurudi tena shuleni. Waliipeleka kazi yao katika mashindano ya Technovation huko California, Marekani. Na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya kugombea Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Hawakungoja kuwa watu wazima ndipo wamtetee mwenzao.

Wako watakaosema kwamba kumfundisha mtoto ni kumwonyesha njia ya uovu. Lakini amwonyeshaye mtoto kisima hamwambii atumbukie. Msichana asiyejua jina la tendo alilotendewa hawezi kulishtaki. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18. Yamfaa nini asiyeijua? Na wavulana nao hawana budi kufundishwa, maana mimba haina mzazi mmoja.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu maombi matatu.

Kwanza, kanuni ya msaada wa karo ibadilishwe. Mpaka leo msichana akizaa, jina lake hufutwa katika daftari. Na kijana aliyempa mimba, kama naye ni wetu, huendelea kulipiwa. Serikali iliwapa wasichana hao ruhusa ya kurudi shuleni tangu mwaka 1994. Haifai chama cha kusaidiana kiwe kigumu kuliko Serikali.

Pili, katika likizo ya mwisho wa mwaka akina Mama watakaochaguliwa, pamoja na muuguzi, wawafundishe wasichana. Na Wazee wawafundishe wavulana. Mzazi asiyependa mtoto wake ahudhurie hatalazimishwa.

Tatu, wasichana wanaosomeshwa na Chama wapewe nafasi ya kusema katika mkutano wa mwaka ujao, nasi tuwasikilize mpaka mwisho bila kuwakatiza.

Wazee wetu, hatuombi heshima ipunguzwe. Twaomba iwe na maarifa ndani yake, ili binti ajue kukataa, ajue pa kukimbilia, na akirudi nyumbani akute mlango u wazi. Kura itapigwa baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Kwa unyenyekevu nawasihi mkubali.