TAHADHARI KUHUSU PEROKSAIDI MAJUMBANI
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara)





Wapo wanafunzi wa skuli wanaotamani kutengeneza peroksaidi za metali nyumbani kutokana na chumvi za kawaida. Hamu ya elimu ni ya kupongezwa. Mahali pake ni maabara ya skuli, mbele ya mwalimu.

Katika peroksaidi, atomu mbili za oksijeni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Mshikamano huo ni dhaifu; peroksaidi ikivunjika huweza kutoa joto na oksijeni, na oksijeni huchochea moto. Mwaka 1818 mkemia wa Kifaransa, Louis Jacques Thénard, alitumia peroksaidi ya bariamu na asidi akapata haidrojeni peroksaidi. Hiyo ndiyo dawa ya vidonda itoayo povu, ambayo kwa kawaida huwa ya asilimia 3. Ya saluni huwa kali zaidi, na ndiyo inayochanganywa na unga wa piko. Rangi ile ni ya nywele, wala si ya ngozi. Imekwisha kuwababua maharusi.

Hatari zenyewe ni hizi:

Kwanza, chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu. Zikimezwa hulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo.

Pili, peroksaidi ya sodiamu ikipata maji huchemka kwa joto kali, na ikigusana na karatasi au mbao huweza kuwasha moto. Moto huo hauzimwi kwa maji, bali kwa mchanga mkavu.

Tatu, haidrojeni peroksaidi kali ikiingiwa na kutu au vumbi la shaba huvunjika kwa kasi, na gesi yake huweza kupasua chupa iliyofungwa.

Kwa hiyo wananchi mnaombwa:

(a) Msihamishie kemikali yoyote katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

(b) Msichanganye peroksaidi na dawa ya kufulia, siki wala asidi.

(c) Ikiingia jichoni, osheni kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali. Aliyekunywa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Walimu wakuu nao wanakumbushwa kufunga makabati ya kemikali kwa kufuli na kuhesabu chupa kila muhula.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya athari.