Mzazi Mwenye Mashaka na Ubatizo wa Mtoto

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wazazi)



Mimi si mchungaji. Kazi yangu ni miradi, hasa ya maji. Nadhani nimeombwa kuzungumza kwa sababu sisi wa miradi tunakaa sana na akina baba wasioonekana kanisani. Mkichimba mtaro wa bomba pamoja siku tatu, mtu hukueleza mambo ambayo hawezi kumweleza mzee wa kanisa.

Baba mmoja alinieleza hivi. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwa malaria akiwa na miaka miwili. Usharika ulikuwa umeomba na kufunga. Baada ya mazishi, mtu akamwambia kuwa mtoto hakupona kwa sababu imani ya wazazi ilikuwa haba. Tangu hapo hakuingia tena kanisani. Sasa alikuwa amepata mtoto wa pili. Mama alitaka abatizwe, na bibi alikwisha kushona gauni jeupe. "Mratibu," akaniuliza, "nikisimama pale mbele nikasema ndiyo, si nitakuwa namdanganya Mungu ambaye hata sina hakika kama yupo?"

Swali hili halijibiwi kwa kumwambia mtu aache maneno mengi, aje tu. Tena ni la zamani. Mnamo mwaka 200 hivi, Tertullian wa Karthago, huku huku Afrika, alishauri ubatizo wa watoto ucheleweshwe. Augustino naye aliugua sana utotoni, ikapangwa abatizwe, akapona, jambo likaahirishwa. Alikua, akapata mtoto wa kiume, Adeodatus, na mtoto huyo naye akakaa bila ubatizo miaka yote ambayo baba yake alikuwa akihangaika kutafuta ukweli. Walibatizwa pamoja mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387. Baba alikuwa na miaka 32, mwana kama 15. Kwa hiyo baba anayeomba asubiriwe tusimwite mpagani. Ila Augustino mwenyewe baadaye aliandika kwa masikitiko kwamba ubatizo wake ulicheleweshwa.

Sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Luther alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku moja tu baada ya kuzaliwa. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 anafundisha kwamba ubatizo unasimama juu ya neno la Mungu. Imani huupokea, haiufanyi. Basi ikiwa hata imani ya anayebatizwa siyo msingi, sioni mashaka ya baba yatauharibuje. Nilimwambia yule baba kwa lugha ya kazi yetu: maji yakifika bombani hayaulizi aliyechimba mtaro alikuwa na moyo gani. Akacheka, akaendelea kuchimba.

Lakini wazazi huulizwa maswali, na hapo ukweli unahitajika. Wanaulizwa kama wanataka mtoto abatizwe, na kama watamlea katika imani ya Kikristo. Baba mwenye mashaka aweza kujibu kweli kwamba anataka, na kwamba atashirikiana na mama: atampeleka Shule ya Jumapili, na hatamdhihaki mtoto akisali. Kama hata hilo ni zito kwake, asilazimishwe. Wako bibi wanaombeba mjukuu kimya kimya wakati baba yuko safarini. Nawaheshimu, lakini hapo wanaleta vita nyumbani. Wala mtu asibatize mtoto kwa ajili ya karatasi. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA.

Katika Marko sura ya 9 yuko baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu huku akikiri kwamba imani yake ina upungufu. Hakuambiwa arudi nyumbani kwanza akaiongeze.

Yule baba wa mtaroni alikwenda kwa mchungaji wiki mbili kabla, akasema yote. Mchungaji hakumhubiria. Alimwomba radhi kwa maneno yale ya msibani, ingawa si yeye aliyeyatamka. Jumapili ile baba alimshika mtoto mwenyewe, akajibu maswali aliyoulizwa, na wakati wa Imani ya Mitume akanyamaza. Wazee wawili walinung'unika. Mimi naona ukimya ule ulikuwa na heshima kuliko sisi tunaotamka kila wiki huku tunawaza mifugo.

Mpaka leo haingii ibadani. Humleta mtoto Shule ya Jumapili, akamsubiri nje chini ya mwembe. Msimamizi wa mtoto, ambaye ni fundi bomba wetu, hutoka akakaa naye.

Mchungaji yuko hapa. Maswali ya ibada mwulizeni yeye, ya mabomba niulizeni mimi. Karibuni.