Mtoto Asiyesema Shuleni



Leo sisemi habari za mishahara. Nataka kusema habari za watoto wetu.

Yuko mtoto katika nyumba za wafanya kazi ninakokaa. Nyumbani husema mpaka mama yake amnyamazishe. Shuleni, mwaka mzima hajatamka neno, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu alidhani ni kiburi akampiga, ingawa fimbo imekatazwa katika shule za Kenya tangu 2001. Majirani wengine husema amerogwa, wengine ati ulimi una kasoro. Ulimi gani huo, mzima nyumbani na mgonjwa shuleni tu?

Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Daktari Kussmaul wa Ujerumani aliliandika mwaka 1877, naye alidhani watu hao hunyamaza kwa kupenda. Sivyo. Tangu 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeliweka katika maradhi ya hofu. Mtoto anataka kusema, sauti inakataa kutoka. Mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano, tena huonekana zaidi kwa watoto waliohamia penye lugha ngeni; nasi watu wa reli twajua kuhamishwa. Lakini mtoto akinyamaza mwezi wa kwanza tu wa shule, huo si ugonjwa.

Basi tusimwambie "Sema!" mbele ya wageni. Mzazi aende naye darasani mapema, kabla ya wengine kufika, wacheze na kuongea wawili tu. Siku nyingine mwalimu apite mlangoni bila kumtazama. Halafu akae mbali, kisha karibu, kisha aingie katika mchezo, na mzazi aanze kutoka kidogo kidogo. Wazee walioendesha magari ya mvuke wanajua: ukifungua mvuke wote mara moja na mabehewa ni mazito, magurudumu huteleza palepale. Ukimwuliza neno, ngoja, usimjibie. Akinong'ona, usipige makofi.

Kazi hii yataka robo saa kila asubuhi, kwa majuma mengi. Baba wa mtoto huyo huingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Wenzake wawili wamekubali kubadilishana zamu naye, lakini msimamizi anataka barua ya chama. Naomba kamati iiandike kabla shule hazijafunguliwa.