Ua Jeusi la Jordan na Wageni Wake wa Usiku

Wagiriki wa kale walimwita Iris mungu wao wa kike wa upinde wa mvua. Jina hilo ndilo lililopewa jamii ya maua yenye spishi zinazokaribia 300: za samawati, za zambarau, za manjano na nyeupe. Inashangaza basi kwamba nchi ya Jordan, katika kuchagua ua la taifa, ililichukua lile lililoukana upinde huo. Airisi nyeusi, ambayo wenyeji huiita kwa Kiarabu sausana sauda, ina zambarau iliyokolea mno hata jicho huliona giza tupu.

Ua hili huota katika nyanda za Madaba, kusini-magharibi mwa mji mkuu wa Amman, na kuendelea kusini kuelekea Karak. Mvua za huko hunyesha majira ya baridi. Kiangazi ni kikavu kabisa. Mmea hujihifadhi kwa shina nene linalolala ardhini mithili ya tangawizi. Ifikapo Machi au Aprili, kila bua hutoa ua moja tu.

Umbo la ua hilo ndilo lenye kisa. Petali tatu husimama wima na tatu huinama. Juu ya kila petali iliyoinama hutanda mkono mpana wa sehemu ya kike, na baina ya viwili hivyo hufanyika kijumba chembamba, chenye kiza. Chavua imefichwa humo, chini ya dari. Ua moja, basi, lina vyumba vitatu vya kupangisha.

Lakini hakuna chakula. Airisi za kundi hili hazitoi mbochi, ule utamu ambao nyuki huufuata. Wapangaji ni nyuki dume wa jenasi ya Eucera, wasioishi mizingani. Jike huchimba tundu lake ardhini. Dume hana kwake. Jua likizama huingia ua hili, akatoka, akajaribu jingine, mpaka apate pa kulala, na katika pitapita hiyo hubeba chavua mgongoni. Watafiti wa Israel, waliozichunguza airisi za kundi hilo katika miaka ya 2000, waligundua kwamba jua la asubuhi huvipasha moto vyumba hivyo vyeusi mapema kuliko hewa ya nje. Mgeni aliyelala humo huamka akiwa na joto la kuruka. Kodi imelipwa kwa pande zote mbili, bila tone la asali.

Mapatano hayo yana udhaifu wake. Airisi hizi hazizai mbegu kwa chavua yao wenyewe. Sharti itoke kwa mmea mwingine. Amman na Madaba zimepanuka, na trekta zimelima mabonde ambayo zamani yalikuwa ya maua. Mmea uliosalia peke yake nyuma ya ukuta wa nyumba mpya huweza kuchanua kila mwaka, ukapigwa picha na kusifiwa, na usitoe hata mbegu moja. Kuuhamishia bustanini hakutoshi, kwa kuwa nyuki jike naye anahitaji udongo usiotifuliwa ili azae madume watakaotafuta malazi jioni.