Kidonge cha presha na kifua cha mwenye pumu

Msikilizaji, mwenye pumu anayeishi Tukuyu hahitaji kufundishwa habari za baridi. Mvua ya Rungwe anaijua, ukungu wa asubuhi anaujua, na moshi wa kuni jikoni anajua unavyomkaba. Asichokijua mara nyingi ni kwamba kidonge cha presha nacho kinaweza kumbana kifua.

Dawa ninayoisema ni propranolol. Aliyeivumbua ni Mskochi James Black, katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba. Ni dawa nzuri, wala sina ugomvi nayo. Huziba vipokezi ambavyo adrenalini hupitia kuuhimiza moyo. Moyo unatulia, presha inashuka.

Shida ni kwamba vipokezi vya jamii hiyo vimo pia kwenye mirija ya hewa mapafuni, na huko kazi yake ni kuilegeza mirija ipanuke. Propranolol huviziba navyo. Mirija ya mwenye pumu ni myepesi kubana, hivyo inabana. Baya zaidi, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, salbutamol, hufanya kazi kupitia vipokezi hivyo hivyo. Mgonjwa anavuta mara ya kwanza, anavuta ya pili, nafuu haiji, au inakuja kidogo mno. Watu wamewahi kufa kwa namna hiyo.

Sasa tuangalie tunavyoishi. Ndugu anatoka Dar es Salaam kuja msibani Katumba, mfukoni ana vidonge vyake. Shangazi analalamika moyo unakwenda mbio. "Meza hivi, Shangazi, mimi vinanisaidia." Ni upendo huo, lakini hakuna aliyeuliza habari za pumu.

Ipo nyingine, atenolol, ambayo huelekea zaidi moyoni. Hatari yake ni ndogo, haijaisha. Aamue daktari anayejua kwamba una pumu. Na yapo matone ya macho, timolol, wanayopewa wenye presha ya macho. Nani angedhani? Tone hupita kwenye njia ya machozi hadi puani, likaingia katika damu, na kifua kikabana.

Kwa hiyo ukifika Hospitali ya Makandana, Igogwe, au duka la dawa pale stendi, taja pumu yako hata kama hujaulizwa. Itaje hata kama ilikusumbua utotoni tu. Dawa za presha ziko za aina nyingi, nyingine haziigusi mirija ya hewa.

Ambaye tayari anameza propranolol na ana pumu asiitupe ghafla, maana moyo uliozoea kushikwa unaweza kuruka vibaya ukiachiwa. Arudi kwa daktari mapema, na pakiti yake mkononi. Akianza kubanwa pumzi, asingoje hiyo siku ya kurudi. Apelekwe hospitali saa ile ile, na wanaompeleka waseme amemeza nini.